Picha Mbili za Mpimaji

Ukimwambia Mpimaji umeelewa, alikuwa anakuondolea karatasi mbele yako na kukutaka ueleze upya kwa mdomo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimewafanyia hivyo watoto wa watu miaka nenda rudi, lakini siku aliponifanyia mimi nilikasirika hasa. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina cheti." Akasema, "Cheti umekiacha nyumbani, Mwalimu. Hapa umekuja wewe." Nikaanza kueleza, nikakwama katikati, naye akanirudishia karatasi bila neno. Alikuwa na ubaya huo: akikushinda hakufurahi, na kwa hiyo hukupata hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Jina alikuwa nalo, ila pale Kibiti hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mpimaji, basi. Alipima viwanja na mashamba ya serikali kuanzia Ngarambe, kule karibu na pori la wanyama, mpaka visiwa vya mikoko vya Salale, hadi lilipokuja lile zoezi la kupunguza wafanyakazi naye akajikuta yumo. Kazi hakuililia sana. Alichokililia ni picha. Ofisi yao ilikuwa na picha za delta zilizopigwa zamani kutoka kwenye ndege, na siku anaondoka alizikuta zimerundikwa koridoni zikisubiri kiberiti. Akaziomba, akapewa. Walimpa, alisema, kama mtu anavyokupa makopo matupu.

Mimi nilihamishiwa Kibiti kutoka Tanga, miaka ile kila kitu kilipokuwa kinaingia nchini. Ilianza mitumba ya nguo, ikaja mitumba ya friji, mwisho ikaja mitumba ya kompyuta. Shule yetu ilipewa moja na wahisani. Ikawekwa ofisini kwa mkuu wa shule, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kukifunua. Niliposema nataka kujifunza, nikaambiwa kuna mzee barabarani, jirani na banda la video, ana yake, na yake inawaka.

Iliwaka kwa sababu ya hilo banda. Umeme wa gridi haukuwa umetufikia. Mwenye banda alikuwa na jenereta, na Mpimaji alivuta waya kupitia dirishani kwa makubaliano kwamba atamtengenezea deki ikiharibika. Kwa hiyo saa zetu za kusoma zilikuwa saa za sinema, kuanzia baada ya Alasiri. Yote ninayoyajua kuhusu kuchanganya picha kwenye kompyuta niliyajifunza huku upande wa pili wa ukuta watu wakipigana mateke kwa Kichina.

Kazi aliyokuwa ameianza ilinishangaza. Wenzake wachache waliokuwa na kompyuta walichapa barua. Yeye, kwa kitabu kinene cha Kiingereza kilichopoteza jalada, alikuwa anaandika programu ya kuijenga delta ndani ya kioo, na mito yake na visiwa vyake, ili mtu akibonyeza vishale aelee juu yake kama tai. Ardhi yenyewe ilijengwa kwa pembetatu ndogo ndogo, na juu ya pembetatu unavisha picha. Wenye fani wanaiita tekscha. Yeye aliita shuka, nami nikaita shuka. Kuvisha shuka moja si kazi kubwa. Mpimaji alitaka mbili kwa mpigo: picha ya zamani ya ndege, na picha mpya ya setilaiti aliyopewa na watu wa mradi mmoja wa mikoko. Zote zilale juu ya ardhi ile ile, na kuwe na kitufe cha kuififisha moja huku nyingine ikitokeza, papo hapo, kadiri kidole kinavyobonyeza.

Nikamuuliza anataka ya nini. Akasema, "Nina kazi nayo."

Kazi hiyo niliijua kwa mkewe, tena kwa mdomo wangu mrefu. Mkewe aliitwa Mama Mwanahawa. Alikuwa mtu wa delta, mwembamba, mcheshi, mfanyabiashara wa kamba wakavu, na alinipenda mapema kwa sababu nilikula bila kubembelezwa. Siku moja tunachambua mchele nikamuuliza, kama mtu anavyouliza, "Na huyu Mwanahawa ameolewa wapi?" Maana watoto wao wengine nilikuwa nawajua wote. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mwanahawa yuko Salale, mwanangu. Alikufa hajaanza kutembea."

Ndipo akanieleza. Walipokuwa wameoana karibuni waliishi kwa wazazi wa huyu mama, kwenye kijumba cha makuti katikati ya mashamba ya mpunga, mtumbwi tu ndio unaofika. Mtoto akapata homa, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Baadaye mafuriko yakabomoa nyumba, wazee wakahama, na wao wakaja kuishi Kibiti. Siku walipotaka kurudi kumsomea mtoto Yasini hawakukuta nyumba, hawakukuta hata alama ya shamba. Palikuwa pameota kichaka. Walijaribu tena na tena, na kila wakienda mahali pameshakuwa pengine.

"Mume wangu amempimia kila mtu," aliniambia, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. "Mkuu wa wilaya amempimia. Msikiti ameupimia. Mimi namtaka anipimie mahali pamoja tu, miguu yangu ikiwa ingali inanibeba."

Tangu siku ile sikumuuliza tena Mpimaji anataka ya nini.

Alikuwa na utaratibu wa kujifunza ambao ulinichosha mpaka nikaja kuupenda. Hakukubali uchanganye chochote kabla hajaona kila shuka peke yake. Hata kama tulikuwa tumeiona jana na juzi, tutaanza na ya zamani peke yake, aikague pembe zote, kisha mpya peke yake, kisha ndipo mbili. Nikimwambia tunapoteza mafuta ya jenereta ya watu, anasema, "Zikigombana nitajuaje nani kaanza?"

Na ziligombana. Kwanza tukajaribu kuzizidisha, na mimi nilifurahi maana kuzidisha ni kazi yangu. Rangi ukizizidisha, nyeupe haidhuru kitu na nyeusi inameza chote. Sasa ile picha ya zamani ilikuwa imeingia weusi kwa uzee, basi delta nzima ikawa giza kama ndani ya chungu. Tukajaribu kujumlisha. Mito ikawaka, mikoko ikawaka, bahari ikawa maziwa. Mpimaji akasogeza miwani yake, iliyofungwa uzi wa nyavu upande mmoja, akasema, "Kwanza umeizamisha, sasa umeiunguza. Hakuna namna ya kuiacha hai?" Namna ilikuwapo. Unachukua sehemu ya hii na sehemu ya ile, mradi ukizijumlisha sehemu zenyewe zitimie moja. Ukichukua robo ya zamani, unachukua robo tatu ya mpya. Nilipomchorea hilo alicheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, akasema kumbe ni kugawa urithi tu.

Tatizo jingine lilituumiza siku nyingi. Kila shuka inahitaji kuambiwa pembe zake zikae wapi juu ya ardhi. Sisi tulikuwa tumeiambia ya kwanza, tukadhani ya pili itafuata. Haikufuata. Ilichukua nukta yake moja tu ya rangi na kuipaka delta yote, kila mahali kahawia, kama mtu aliyemwaga chai. Nilitafuta kosa kwenye hesabu, nikatafuta kwenye kadi ya picha, nikamlaumu fundi wa Kariakoo aliyetuuzia. Kumbe mgeni tulimkaribisha bila kumwonyesha pa kukaa. Hayo ni maneno yake Mpimaji, si yangu, na aliyasema akiwa amekwisha kuona kosa huku mimi bado nafoka.

Kadi ile ilibeba shuka mbili kwa wakati mmoja, na kabla hujatoa amri lazima useme unazungumza na nafasi ipi kati ya hizo mbili. Mimi nilikuwa nasahau. Natoa amri nikidhani naiambia ya pili, kumbe ya kwanza ndiyo inasikia, na picha yote inavurugika. Basi kila nilipoweka vidole kwenye vibonyezo, Mpimaji ananiuliza polepole, "Unasema na nani?" Aliuliza mpaka nikaanza kuiuliza hiyohiyo darasani mtoto anapojibu swali ambalo sikumuuliza yeye. Wanafunzi wakanipa jina la utani. Silisemi.

Watu wanamkumbuka kwa ukali wa vipimo, na ni kweli. Aliwahi kukirudisha kitanda kwa seremala kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa unene wa kidole. Lakini mtu yuleyule, kiwanja chake mwenyewe hakikuwa na mpaka wa maana. Jirani yake alikuwa anausogeza ua wa miti kila masika, na Mpimaji alikuwa anautazama ukija kama mtu anayetazama kuku wa mwenzake. Mama Mwanahawa alipopiga kelele, alijibu kwamba yule bwana ana watoto wengi.

Na ile habari ya kibla ndiyo iliyompa maadui. Msikiti wa mtaani kwetu ulijengwa na watu wa kujitolea, na Mpimaji, bila kuombwa, akaupima akakuta kibla kimepinda kidogo. Akasema hadharani baada ya swala ya Ijumaa. Ikawa zogo. Wako waliomuunga mkono wakataka ukuta ubomolewe, wako waliosema mzee huyu ana kiburi cha mashine. Wale waliomuunga mkono wakaanza kusimama mkao wao wa upande, safu ikawa na pembe. Unajua Mpimaji alisimama na nani? Alisimama na imamu, kwenye kibla kilichopinda. Nilimuuliza inakuwaje. Akasema alichotakiwa ni kusema, na ameshasema. Kuivunja safu hakutumwa. Wale vijana wake walimwona msaliti, na wengine mpaka leo hawamsalimii.

Kitu kingine watu wengi hawakukijua: alikuwa anaogopa maji. Mmatumbi wa milimani, hajui kuogelea, na kazi yake ya ujana ilikuwa kupima delta. Kwenye boti alikaa katikati kabisa, ameshika mbao pande mbili, macho yameelekea kwenye magoti. Mkewe alikuwa anamtania wazi mbele ya abiria, "Baba Mwanahawa, sema shahada basi, tunavuka kijito." Yeye peke yake ndiye aliyemwita hivyo, Baba Mwanahawa. Naye alijibu bila kuinua macho kwamba watu wa maji wamezaliwa na matamvua ya samaki, wasimsemeshe.

Sasa nirudi kwenye kazi. Kwenye picha ya zamani nyumba ya wakwe zake ilionekana. Ni kidoa tu, paa la makuti, lakini Mama Mwanahawa alipoonyeshwa alikijua mara moja, akaweka kidole nyuma ya kidoa, akasema, "Hapa." Kwa hiyo kaburi kwenye picha ya zamani lilijulikana. Kazi ilikuwa kuilaza picha ile sawasawa juu ya mpya, ili "hapa" ya zamani iwe "hapa" ya leo. Na ili uilaze sawasawa unahitaji alama zinazoonekana kwenye picha zote mbili. Mjini ungechukua njia panda au kona ya jengo. Delta haina kona. Mikoko inaota inapotaka, visiwa vinavimba na kukonda. Tukachukua madiko, yaani zile sehemu za kuegesha vyombo na kupandisha abiria. Kila diko lina jina, majina ya zamani yameandikwa nyuma ya picha za ndege, na majina ya leo Mpimaji aliyapata kwa manahodha wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Yalikuwa yaleyale. Aliwauliza, diko hili ndilo lile la wazee? Wote wakajibu, ndilo hilohilo.

Tukazibana picha kwenye madiko. Nikabonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza delta ya zamani ikafifia taratibu na ya leo ikapanda kutoka chini yake, bila kukwama, bila giza, bila kuungua. Mpimaji alikibonyeza mwenyewe kwenda na kurudi mpaka sinema ya jirani ikaisha. "Hapa" ya Mama Mwanahawa ikaangukia kwenye nchi kavu, umbali mfupi kutoka ukingoni. Nilimwona anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Tulikwenda watatu. Gari mpaka Nyamisati, boti yenye mashine mpaka Salale, kisha mtumbwi wa kukodi. Mpimaji alikuwa ameazima kwa watu wa mradi kile kifaa kidogo cha kusoma mahali ulipo kwa setilaiti, na siku ile hata maji hayakumtisha. Alishuka kwenye tope na viatu. Akaenda, akageuka, akasoma kifaa, akarudi nyuma kidogo, akasimama. "Mama, ni hapa."

Mama Mwanahawa alikuwa amevaa kanga mpya na ameshika msahafu uliofungwa kitambaa. Akaangalia upande wa mto, akaangalia nyuma, akainama akashika udongo. Kisha akasema, "Hapa sipo."

"Ndipo," Mpimaji akasema. "Tumeilaza mara nyingi, Mwalimu huyu shahidi."

"Hapa pana visiki vya mkoko, Baba Mwanahawa. Visiki vikongwe. Mpunga haujawahi kulimwa hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakuja kutega kaa huku."

Alianza kumweleza kuhusu picha. Akamweleza kuhusu madiko, jinsi alivyothibitisha moja moja. Yule mwenye mtumbwi, aliyekuwa anatusubiri akila muhogo, akauliza ni diko lipi. Akatajiwa. Akasema, "Hilo la sasa, sawa. Mto ukisogea, diko linasogea nao. Tunahama na jina letu." Mpimaji akamwambia mbona manahodha wote wamesema ni lilelile. Yule bwana akashangaa swali. "Ni lilelile, mzee. Watu walewale, jina lilelile. Mlitaka waseme ni jipya?"

Mpimaji alikuwa mtu wa milimani, na mimi Tanga kwetu bandari haitembei. Wote wawili tulikuwa tumebana picha yetu kwenye misumari inayotembea. Mama Mwanahawa alifunga msahafu wake vizuri, akamshika mumewe mkono kumrudisha kwenye mtumbwi. Njia nzima hakumtania.

Aliporudi hakuja kwenye kompyuta kwa muda. Nikamfuata. Nilimkuta anakoroga uji wa mjukuu, nikamwambia turudi kazini, akaniambia mimi ni king'ang'anizi. Nikasema ndiyo. Alama mpya alizipata mwenyewe: msingi wa msikiti wa mawe wa zamani sana, kisima cha mawe, na ukingo wa mlima kule nchi kavu inakoanzia, vitu ambavyo havina mtu wa kuvihamisha. Alivizungukia vyote na kifaa kile, akiwa ameshika mbao za mtumbwi pande mbili. Tukailaza upya. Tukaanza na ya zamani peke yake. Kisha mpya peke yake. Kisha nikabonyeza.

Kidoa cha paa kikafifia, na mahali pake pakapanda maji. Katikati ya mto kabisa, si ukingoni. Mpimaji alibonyeza mara mbili tatu. Akaniuliza kama nina uhakika na pembe za shuka, nikamwambia nina uhakika. Ukutani mtu alikuwa anapiga yowe kwa Kichina na watazamaji wanashangilia.

Nilimwambia, "Mzee, si lazima umweleze leo." Nilisema kwa huruma, na ningesema tena. Akaniangalia kama mwanafunzi mjinga. Akatoka, akaenda jikoni, na mimi nikamsikia kupitia mlangoni. Hakuzunguka. "Mama, nimempata. Yuko chini ya mto." Kisha yule mama akaomba aonyeshwe. Akaja akakaa kwenye kiti changu, nikambonyezea. Paa, maji, paa, maji. Akaniambia niache katikati, pale paa na maji vinapoonekana vyote viwili. Akatazama kwa muda mrefu. Alilia, na Mpimaji alisimama nyuma yake mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Baada ya hapo, kila mwaka baada ya mfungo, Mama Mwanahawa alikuwa anakwenda Salale na kusoma Yasini yake akiwa ukingoni, ameelekea mtoni. Mpimaji alimsindikiza. Walipatana hivyo, na mimi nilidhani habari imeishia hapo.

Nikahamia Dar es Salaam. Ile kazi ya shuka ndiyo iliyonitoa ualimu. Leo ninaishi kwa kuwatengenezea watu ramani za kwenye kioo, na shuka ninazochanganya ni nyingi kuliko tulizoota. Kibiti nilikuwa naenda kwa msiba na kwa harusi. Ziara ninayotaka kuisimulia haikuwa ya kimojawapo. Nilikuwa nimepata picha mpya ya setilaiti ya delta kwa kazi nyingine kabisa, na sikupata usingizi mpaka nilipoilaza juu ya zile mbili. Nikapanda basi.

Niliwakuta barazani. Mpimaji amekuwa mdogo, shingo imeingia kwenye kanzu. Mama Mwanahawa miguu ilikuwa imevimba, anatembea kwa kushika ukuta na fimbo, na mwaka ule Salale hakwenda. "Shikamooni." "Marahaba, Mwalimu, umenenepa." Chai ikaja. Mama alipoingia ndani nikafungua kompyuta yangu ya mapajani na kumwonyesha mzee. Akauliza, "Moja moja?" Nikamwonyesha moja moja. Kisha zote tatu. Mto ulikuwa umeondoka. Ulijikata njia nyingine upande wa kusini, na pale katikati palikuwa na ulimi mrefu wa mchanga na tope, na nyasi juu yake.

Nikamsubiri aondoke kwenda kumwambia mkewe, kama alivyofanya mwanzo. Hakuondoka. Akaishika chai mpaka ikapoa. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Ameshazoea, Mwalimu. Ameshazoea mtoni. Na miguu ile. Nikimwambia pamekauka, si nitamwua?"

Ilinichoma. Huyu ndiye aliyeupinga msikiti mzima kwa sababu ya kipimo. Nikamwambia, na nilikuwa mkali, "Kwani alikuomba umpimie mto?"

Akamwita mkewe. Mama Mwanahawa akaja ameshika ukuta. Mpimaji akamwambia kama vile anavyosoma namba, "Mama, mto umehama. Pamekauka."

Yule mama alitutazama sisi wote wawili, akaitazama na kompyuta. Halafu akasema, "Nipeni ndala zangu."

Tulimbeba. Kwenye gari alikaa mbele, kwenye boti tukamkalisha kwenye godoro, na kutoka mtumbwini vijana wawili wa Salale walimpakata kama mgonjwa huku anawaelekeza wasikanyage miba. Mpimaji alitangulia na kifaa chake, polepole, tope likimfika vifundoni. Akasimama kwenye nyasi changa. Palikuwa pana upepo na hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kisiki wala jiwe.

Wakamshusha. "Ni hapa?" akauliza.

"Ndipo palipokuwa," Mpimaji akasema. "Lakini mto umepita juu yake miaka yote hii, mke wangu. Sijui umebakisha nini. Huenda hakuna kitu."

"Mimi sikuja kuchimba," Mama Mwanahawa akasema. Akavua ndala, akakaa chini na miguu yake imenyooka mbele, akafungua kitambaa cha msahafu. Mpimaji akakizima kile kifaa, akaja akakaa kando yake kwenye tope.